Kujifungua kawaida baada ya upasuaji: huduma ya kumuunga mkono mama ni ipi?

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji akipata mimba nyingine, mara nyingi huambiwa kwamba uamuzi umeshapita: atapasuliwa tena. Kwa walio wengi si lazima iwe hivyo. Kama ana kovu moja la mlalo sehemu ya chini ya mji wa mimba, amebeba mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, na hana tatizo lingine linalozuia, anaweza kupanga kujifungua kawaida. Huduma ya kumuunga mkono ni ile inayoupokea mpango huo kwa dhati na kuuandalia mazingira: taarifa sahihi tangu kliniki, uangalizi wa karibu wakati wa uchungu, na chumba cha upasuaji kilicho tayari endapo mambo yatabadilika.

Huduma hiyo isichanganywe na ruhusa tupu. Wako wahudumu wanaosema, “Sawa, tutajaribu,” halafu kila wiki wanaongeza sharti. Uchungu usipoanza kufikia wiki ya 39, kisu. Ultrasaundi ikionyesha mtoto mkubwa, kisu. Wiki ya 40 ikipita, kisu. Mambo haya yote yanastahili kuzungumzwa, maana mtoto mkubwa na mimba iliyopitiliza hupunguza kwa kiasi uwezekano wa kufanikiwa. Lakini hakuna hata moja ambalo peke yake linatosha kufunga mlango, na uzito unaokadiriwa kwa ultrasaundi hukosea mara nyingi. Mama anayesikia masharti haya yakirundikana afahamu kwamba mhudumu wake huenda alishaamua zamani, na ana haki ya kumuuliza waziwazi: ni wangapi kati ya wenye kovu wanaofika kwako huenda hadi uchungu, na wangapi hujifungua kawaida?

Hofu ya kumwacha mwenye kovu aingie kwenye uchungu ina historia. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliandika kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Enzi zake mji wa mimba ulikatwa wima, sehemu ya juu yenye misuli minene inayojikaza kwa nguvu zote wakati wa uchungu, na kovu la mahali hapo huachia kirahisi zaidi. Katika miaka ya 1920 John Munro Kerr wa Glasgow alitetea mkato wa mlalo sehemu ya chini, ambako misuli ni myembamba na haijikazi sana. Mkato huo ndio unaotumika zaidi leo. Kauli ya Cragin imebaki midomoni, ingawa kovu aliloliogopa yeye limekuwa nadra.

Ndiyo maana swali la kwanza kliniki linapaswa kuwa la kovu, na jibu halipatikani kwa kutazama tumbo. Ngozi inaweza kuwa imekatwa mlalo chini ya kitovu, huku mji wa mimba ndani umekatwa wima. Jibu la uhakika liko kwenye taarifa ya operesheni: mkato ulikuwa wa aina gani, uliongezwa au la, na ulifanyika kwa sababu gani. Taarifa ikikosekana, historia husaidia. Operesheni iliyofanywa mimba ikiwa changa sana, kwa mfano, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mkato wa wima, kwa sababu sehemu ya chini ya mji wa mimba inakuwa bado haijatanuka. Mama mwenye kovu la wima la sehemu ya juu, au ambaye mji wake wa mimba uliwahi kupasuka, hashauriwi kuingia kwenye uchungu. Kumuunga mkono huyo ni kumwambia ukweli mapema na kumpangia upasuaji mzuri.

Kwa wanaofaa, takwimu zinatia moyo. Kati ya wanawake 100 wanaoingia kwenye uchungu wakiwa na kovu moja, kama 72 hadi 75 hujifungua kawaida. Aliyewahi kujifungua kawaida hata mara moja, kabla au baada ya upasuaji, ana nafasi nzuri zaidi: 85 hadi 90 kati ya 100. Sababu ya upasuaji uliopita nayo ina uzito. Kama ilikuwa mtoto kutanguliza makalio, jambo hilo huenda lisijirudie. Kama ilikuwa uchungu kusimama njiani, nafasi hupungua, lakini bado wanaofanikiwa ni wengi kuliko wanaoshindwa.

Hatari inayoogopwa ni kovu kuachia na mji wa mimba kupasuka. Hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 200 wanaoingia kwenye uchungu na kovu moja la mlalo. Ni wachache, lakini inapotokea, mama anaweza kupoteza damu nyingi na mtoto akakosa hewa ndani ya muda mfupi sana. Anayepanga upasuaji wa kurudia anaikwepa karibu yote, ila upasuaji nao una bei yake. Viungo vya ndani huweza kugandamana, na kila kovu linaloongezeka huongeza hatari ya kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu katika mimba zijazo na kukataa kutoka. Mama anayetaka watoto wengine anapaswa kuambiwa hili kwa mkazo uleule anaoambiwa habari za kupasuka. Aambiwe pia kwamba upasuaji wa dharura katikati ya uchungu una matatizo mengi kuliko ule uliopangwa. Kumtajia upande mmoja tu ni kumwamulia.

Siku ya uchungu ndipo huduma inapopimwa. Mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa mfululizo, kwa sababu mara nyingi kuvurugika kwake ndiyo ishara ya kwanza ya kovu kuachia. Mkunga mzuri hakai akitazama mashine tu. Anaweka kiganja juu ya tumbo, anangoja mkazo upite, kisha anauliza, “Na sasa hivi, bado panauma?” Uchungu wa kawaida huja na kuondoka. Maumivu yanayobaki palepale mkazo ukishaachia, damu inayotoka ukeni isivyo kawaida, mikazo inayokatika ghafla, au kichwa cha mtoto kilichokuwa kimeshuka kikarudi juu, hayo humfanya amwite daktari mara moja.

Huo ndio uangalizi unaompa mama nafasi ya kuuacha uchungu uende. Anaweza kusimama, kutembea kadiri vifaa vinavyoruhusu, na kuwa na mtu wake pembeni muda wote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Ganzi ya mgongoni haikatazwi kwa sababu ya kovu. Muda pia ni sehemu ya msaada: mama ambaye mara ya kwanza hakufika mbali kwenye uchungu, mwili wake unaweza kwenda kwa mwendo wa mzazi wa kwanza, na hapaswi kupimwa kama aliyekwisha kuzaa watoto watatu.

Kuanzishia uchungu kunahitaji tahadhari ya pekee. Dawa za kuanzisha au kuongeza uchungu hupandisha hatari ya kovu kuachia mara 2 hadi 3 kuliko uchungu unaoanza wenyewe, na misoprostoli, mojawapo ya dawa hizo, haifai kwa mwenye kovu aliye katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Dripu ya kuongeza uchungu inaweza kutumika, lakini kwa uamuzi wa daktari mzoefu na baada ya mama kuelezwa. Wala dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu zisiguswe nyumbani.

Nalisema hili bila kulilainisha: mahali pasipo na uwezo wa kufanya upasuaji wa haraka na kuongeza damu si mahali pa mwenye kovu kujifungulia, hata kama wakunga wake ni wapole na wana imani naye. Nia njema haizibi mji wa mimba uliopasuka. Mipango ya usafiri na ya hospitali ifanywe mapema, na mama afike uchungu unapoanza, asisubiri uchanganye.

Na takriban mama mmoja kati ya kila wanne ataishia mezani kwa upasuaji hata baada ya kufanya kila kitu sawasawa. Huduma haikomi hapo. Aelezwe kilichosababisha kabla ya kuchomwa ganzi, kwa sentensi anazozielewa. Hali ikiruhusu, msindikizaji wake abaki naye na mtoto awekwe kifuani mwake mapema. Kabla ya kuruhusiwa, daktari akae naye amweleze kovu lake sasa likoje na lina maana gani kwa mimba nyingine, na maelezo hayo aondoke nayo kwa maandishi.