"Si alisaini, mwalimu?"

Hili swali limenichosha. Kila nikimrudishia mwanafunzi dokumentari yake nikauliza huyu mama anajua itaenda wapi, jibu ndo hilohilo, si alisaini.

Jamani, ile fomu ya ridhaa anayosaini mtu unayemshuti inakulinda wewe na anayekulipa. Mhusika inamlinda kidogo sana, hasa kama imeandikwa Kiingereza ukamsomea juujuu huku jua linawachoma na upepo wa Dodoma unapiga kwenye maiki. Na kibali cha Bodi ya Filamu ni kitu kingine kabisa, kinakuruhusu wewe kushuti, hakimsemei mama wa watu. Tusichanganye mafaili.

Juzi nimeletewa kazi ya mgogoro wa kiwanja. Mada nzuri, tangu serikali ihamie huku ardhi imepanda bei na kesi za mipaka na fidia haziishi. Mama kaomba afichwe, vijana wakamuwekea ukungu usoni, safi. Sasa nyuma yake kuna ukuta wenye X nyekundu na namba ya nyumba inasomeka, sauti haijaguswa, kitenge ni kilekile anachouzia maandazi asubuhi, na kwa mbali unaonekana mbuyu ambao mtaa mzima unaujua! Mjumbe akiangalia sekunde 5 keshamjua. Hapo kafichwa nani? Wewe utapakia YouTube upigiwe makofi, yeye atabaki palepale na jirani yake na mwenyekiti wake.

Ndo maana mimi naomba ruhusa mara mbili. Kabla ya kushuti, halafu nikishaediti naenda na laptopu mpaka kwake, anaangalia sehemu zake, akisema hiki toa natoa, hata kama ndo shoti bora kuliko zote. Maana ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp hairudi.

Wenzangu wa habari wananiambia hapo nimemkabidhi mhusika uhariri, na kusema kweli wana hoja. Afisa anayelalamikiwa simwonyeshi kabla, namuuliza, jibu lake naliweka, basi. Sasa je mlalamikaji naye akiwa na lake la kuficha? Hapo huwa nababaika mpaka leo. Na hela: tunafundishwa usimlipe mhusika, lakini mtu kafunga genge siku nzima kwa ajili yako, mimi nampa ya siku. Inawezekana inamfanya aseme ninachotaka kusikia, siwezi kuapa kwamba haimfanyi.

Ila ule ukuta hauna mjadala. Rudini mkashuti upya, na safari hii yeye ndo achague mtakaa wapi.