Hyottoko: Kinyago Hakicheki, Kiuno Ndicho Kinachochekesha

Ukipita kwenye sherehe za mitaa za Tokyo na miji ya jirani, utamtambua kabla hujaambiwa jina lake. Mdomo umechongoka na kupindia upande mmoja, na mara nyingi jicho moja kubwa na jingine dogo. Kichwani amejifunga kitambaa cheupe chenye madoa ya bluu, kama mtu anayejikinga na vumbi la kazini. Huyo ni Hyottoko, mchekeshaji wa ngoma za sherehe. Watu humcheka kabla hajafanya lolote, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kazi yake imefanywa na aliyechonga kinyago.

Mimi nimo katika kikundi cha ngoma cha mtaa. Hucheza mara mojamoja, lakini zaidi hupiga upatu, na mpiga upatu hukaa nyuma ya mchezaji. Kutoka nyuma kinyago hukioni kabisa. Unaona kiuno, magoti na shingo, na watazamaji walio mbele wanaangua kicheko. Ndipo unapoanza kujiuliza wanacheka nini hasa.

Nianze na huo mdomo, maana ndio unaoulizwa sana. Maelezo ya kawaida ni kwamba Hyottoko ni mtu wa jikoni: anapuliza moto kwa kipande cha mwanzi, na moshi umemwingia jicho moja. Aliyewahi kuhangaika na kuni mbichi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mkoani Iwate, kaskazini mwa Japani, kuna ngano inayomweka papo hapo jikoni, ila si ya kuchekesha. Mzee alikwenda kutafuta kuni, akaona shimo. Akaona si vizuri libaki wazi, akawa analiziba kwa matita ya kuni, moja baada ya jingine, mpaka kuni zote zikamezwa. Akatokea mwanamke kumshukuru kwa zawadi ya kuni, akamkabidhi mtoto mwenye sura mbaya, ambaye kazi yake ilikuwa kuchezea kitovu chake tu. Siku moja mzee akakigusa kile kitovu kwa koleo la moto, ikadondoka punje ya dhahabu. Ikawa ndiyo hali ya kila siku, nyumba ikatajirika. Mke wa mzee alitaka zaidi. Mzee alipotoka, akamchoma mtoto kitovu kwa koleo kwa nguvu, na mtoto akafa. Usiku mtoto alimjia mzee ndotoni: usilie, tengeneza kinyago kinachofanana nami, ukitundike kwenye nguzo iliyo karibu na jiko, na nyumba itaneemeka. Katika nyumba za zamani za Iwate na Miyagi, sura ya mungu wa jiko, ya udongo au ya mti, iliwekwa kweli karibu na meko.

Kwa hiyo mtu akimwita Hyottoko chale tu, mimi hukunja uso. Ndani ya mzaha wake kuna mtoto aliyeuawa kwa tamaa.

Wanaofuatilia historia ya vinyago watakuelekeza kwingine. Katika Kyogen, michezo ya vichekesho inayoambatana na tamthilia za Noh, kuna kinyago kiitwacho usofuki chenye mdomo uleule wa kupuliza. Huvaliwa na anayeigiza mbu, pweza, hata uyoga. Wengi humhesabu kuwa babu wa Hyottoko. Sioni haja ya kuchagua kati ya jiko na jukwaa. Mhusika wa mitaani huokota kila anachokipata njiani.

Sasa kazi yenyewe. Mchekeshaji wa kawaida ana nyusi, macho, midomo na sauti. Hyottoko hana hata kimoja. Sura yake imegandishwa mara moja na fundi, na hasemi neno. Matundu ya kuonea ni madogo kiasi kwamba miguu yako mwenyewe huioni, nawe uko juu ya jukwaa jembamba ambalo pengine linavutwa barabarani. Kinyago kizuri huchongwa kwa mti mwepesi, kama mti wa kiri, au hutengenezwa kwa karatasi zilizogandishwa kwa gundi, maana kizito kitakuvunja shingo kabla ya saa ya kwanza kwisha.

Mafunzo huanza kiunoni. Kunja magoti, shusha kiuno, ukae hukohuko muda wote. Sababu yake si nidhamu tu. Kinyago kikiwa juu ya mwili ulionyooka, mtazamaji anaona mtu aliyevaa kinyago. Kiuno kikishuka na shingo ikatangulia mbele, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili unaokibeba. Mtu anapotea, anabaki Hyottoko. Tofauti ni ya shubiri moja hivi, na mapaja huilipia kwa maumivu.

Inafuata shingo. Kidevu kikiinuka kidogo, mwanga unaingia usoni na ule mdomo unaonekana kushangaa. Kikiinama, paji linatupa kivuli na mdomo uleule unanuna. Kigeuze haraka upande mmoja kisha ukisimamishe ghafla: amesikia kitu. Kirudishe polepole: ana hofu ya alichokisikia. Wanaoanza hutikisa kichwa mfululizo wakidhani ndio uchangamfu, na matokeo yake kinyago kinakuwa kipande cha mti kinachotikiswa. Sura iliyoganda hupata uhai pale inapotulia mahali pamoja mpaka mtazamaji aisome.

Chukua kile kituko cha nzi, ambacho karibu kila kikundi kina namna yake ya kukifanya. Hyottoko anacheza vizuri tu, mara shingo inakatika kuelekea kushoto. Kuna nzi. Bila shaka hakuna nzi. Kichwa kinamfuata juu, chini, kinazunguka, huku miguu ikiendelea kucheza kama vile haina habari na yanayotokea juu. Nzi anatua puani. Kila kitu kinasimama, miguu nayo. Kisha kofi. Mpiga upatu anayejua kazi yake hapo hunyamaza nusu pigo, kwa sababu kicheko cha watu hakitoki kwenye kofi. Hutoka kwenye kile kimya kilichotangulia. Ukikijaza kwa mlio, umemuua mwenzio jukwaani.

Upatu wetu ni kibakuli cha shaba kinachoshikwa mkono wa kushoto na kupigwa upande wa ndani kwa kijiti chenye ncha ya pembe ya paa. Kikundi kamili ni watu watano: filimbi ya mwanzi, ngoma mbili ndogo zilizokazwa kwa kamba, ngoma moja kubwa, na upatu. Katika mtindo wa Tokyo hufunguliwa kwa Yatai, mdundo wa haraka, kisha Shoden, Kamakura na Shichome, halafu Yatai tena. Hyottoko hapendi hizo nzitonzito. Mdundo wake ni Ninba, mwepesi, wenye kuchechemea kidogo, na ukipigwa sawasawa hata wazee waliokaa kwenye viti vya kukunja huanza kutikisa bega. Mtindo huu huhusishwa na Kasai, mashariki mwa jiji, ambako mwaka 1719 kuhani wa hekalu la Kishinto ambalo leo linaitwa Kasai Jinja anatajwa kuwa aliwafundisha vijana wa hapo muziki wa sherehe.

Kuna jambo moja ambalo watazamaji wengi, Wajapani wakiwemo, hulipita bila kuliona. Katika kagura ya vijiji na miji ya eneo la Tokyo, michezo ya kimya ya kuwaburudisha miungu, Hyottoko ana cheo: ni modoki, yaani anayeiga na kupinga. Mungu anatoka kwanza, amevaa vizuri, anakanyaga kwa taratibu. Nyuma yake anakuja modoki, anarudia yaleyale lakini kombo. Ebisu, mungu wa uvuvi mwenye mashavu ya bashasha, anaketi na fimbo ya ndoana kwa utulivu wa mwenye mali. Mtumishi wake Hyottoko anajinasa kwa ndoana, anajifunga kwa uzi, anakimbilia samaki ambaye hajavuliwa. Katika ngoma za Nishiure, milimani mwa mkoa wa Shizuoka, baadhi ya ngoma hufuatwa kabisa na ngoma ya modoki wake.

Mwanazuoni Orikuchi Shinobu aliandika kwamba modoki hayupo kwa ajili ya kuvuruga. Anafafanua. Ngoma ya mungu ni fumbo, na watu wa kawaida hawaifahamu. Anayeiiga kwa kuitia chumvi anaifungua. Nakubaliana naye kwa sababu nimeliona likitokea. Watoto hutazama ngoma ya simba au ya mbweha mweupe wakiwa wamekodoa macho, hawajui wafurahi au wakimbie. Hyottoko akitokea na kurudia hatua zilezile huku akijikwaa, ghafla wanajua hatua zilikuwa zipi, na kesho yake utawakuta wanazicheza uani. Wanajifunza kutoka kwa anayekosea.

Mwenzake ni Okame, mwanamke mwenye mashavu mviringo na paji pana, anayehesabiwa kuwa sura ya baraka. Kwa desturi alichezwa na mwanamume, lakini siku hizi wanawake wamejaa vikundini na wanacheza wote wawili. Baadhi ya Hyottoko bora niliowaona walikuwa wanawake, na kwa kuwa kuna kinyago, mtaa haukujua mpaka walipokivua.

Kama unataka kumwona, nenda Kawagoe, mkoani Saitama, Jumapili ya tatu ya Oktoba na Jumamosi inayoitangulia. Sherehe yake hurudishwa hadi mwaka 1648, na mwaka 2016 iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO pamoja na nyingine za magari ya sherehe, 33 kwa jumla. Magari ni marefu, yana mwanasesere juu kabisa na jukwaa la ngoma chini, na mengi yanaweza kuzungushwa ili jukwaa lielekee upande wowote. Usiku magari mawili yanapokutana njia panda, yanageuziana jukwaa na kila kikundi kinapiga chake. Hakuna refa wala mshindi. Unachopigania ni kutochukuliwa na mdundo wa jirani, na katikati ya kelele zile Hyottoko wa huku anamchokoza mchezaji wa kule.

Hyuga, mkoani Miyazaki, kusini mwa Japani, ni jambo jingine kabisa. Huko mwezi wa Agosti mamia ya Hyottoko wenye nguo nyekundu hutembea kwa mistari barabarani, wakipinda viuno kwa pamoja nyuma ya mbweha na Okame. Kisa chake ni cha mume na mke waliomwomba mtoto Inari, mungu wa mpunga ambaye mjumbe wake ni mbweha. Mbweha akavutiwa na mke, mume akafuata nyuma kwa wasiwasi. Wenyeji husimulia kwamba ilifundishwa na daktari wa macho mwishoni mwa enzi ya Meiji (1868–1912). Napenda ule wingi, ingawa kwa ladha yangu mamia wakifanya kituko kimoja, kituko kinageuka gwaride.

Na ukifika Yasugi, mkoani Shimane, tazama ngoma ya kuvua visamaki vya matope kwa ungo. Mchezaji hana kinyago. Amejitundika sarafu yenye tundu puani kwa uzi, na kiuno kiko chini vilevile. Ni ndugu wa karibu, japo yeye amekulia kwenye karamu zaidi kuliko barabarani.

Neno la mwisho kwa mtazamaji. Usisimame katikati mbele ya jukwaa, hapo utaona kinyago tu. Sogea pembeni ambapo magoti na mgongo vinaonekana. Na kama hutaki kuingizwa mchezoni, usimpungie mkono. Hyottoko hutafuta anayemtazama sana, na mgeni aliyeinua simu ni windo rahisi: atasimama kama unavyosimama, tumbo mbele, shingo imepinda, simu ya hewani mkononi, na njia panda nzima itageuka kukutazama wewe.