Je, wajua kwa nini ugonjwa wa macho wa vikope unampofusha mmoja na kumwacha ndugu yake?

Chukua ndugu wawili waliokulia nyumba moja, tuseme huko Kongwa, Dodoma, miaka ya sabini. Wamelala kitanda kimoja, wamefutwa uso kwa khanga moja ya mama, nzi anayetua kwenye tongotongo za huyu ndio huyo huyo anahamia kwa yule. Wote wameugua vikope utotoni, mara moja, mara tano, mara kumi, nani alikuwa anahesabu. Leo mmoja ana miaka sitini na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani ya mtu, mwenzie nywele za kope zimegeukia ndani, kila akipepesa zinakwangua kioo cha jicho, na kila baada ya siku kadhaa anamwita mjukuu aje na kibano amng'olee. Mdudu ni yule yule. Sasa imekuwaje?

Kwanza tumjue huyo mdudu. Vikope, au trakoma kama wanavyoandika hospitali, vinaletwa na bakteria wa klamidia. Ndiyo, ni ukoo mmoja na ile klamidia ya magonjwa ya zinaa, ila hawa wa macho ni tumbo jingine, nitarudi hapo. Anaingia ndani ya seli za ile ngozi laini iliyo upande wa ndani wa kope, anazaana humo, seli inapasuka, watoto wanahamia seli za jirani. Mtaalamu akija kijijini kupima anakugeuza kope la juu kwa kidole, linatoka kama mfuko wa suruali uliopinduliwa, halafu anachungulia na miwani ya kukuza. Akikuta vidoto vyeupe vitano au zaidi, kila kimoja kina angalau nusu milimita, anaandika trakoma.

Hapa ndio pana utamu. Vile vidoto wala sio bakteria, ni seli zako mwenyewe za kinga zimejikusanya vikundi vikundi. Yaani daktari anahesabu kambi za askari, adui mwenyewe hamuoni. Na mara nyingi ukichukua usufi ukapangusa pale ukapeleka maabara unakuta bakteria hayupo tena, kashaondoka, ila kope bado limevimba na askari wako kambini hawajaambiwa vita imeisha.

Vita yenyewe ikoje? Silaha kubwa ya mwili hapa ni protini moja inaitwa intaferoni gama, seli za kinga zikiimwaga, seli iliyovamiwa inapata amri ya kuvunja vunja kirutubisho kinachoitwa triptofani. Klamidia bila triptofani hakui. Si unajua ule msemo, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, basi mwili haumpi hata jembe, unafunga jiko. Sasa kumbuka wale ndugu zake wa sehemu za siri: wao wana jeni nzima za kujitengenezea triptofani kutoka kwenye makombo yanayoachwa na bakteria wengine wanaoishi ukeni, kwa hiyo jiko likifungwa wanapika nje. Wale wa macho jeni hiyo imeharibika, na jichoni makombo hayo hayapo. Hili liliwekwa wazi mwaka 2003, na mpaka leo ni mojawapo ya vitu vinavyowatenganisha hao wa macho na wa zinaa. Jeni moja mbovu ya bakteria, na maisha yake yote yanabadilika.

Kwa hiyo kinga inafanya kazi, tena vizuri tu. Shida ni gharama. Ili askari wapite kwenye ngozi ya kope, seli zinatoa vimeng'enya vya kukata nyuzi zinazoshikilia ngozi, adui akiisha nyuzi zinashonwa upya. Mara moja, hakuna neno. Lakini mtoto wa kijiji chenye vikope vingi anaambukizwa tena na tena, kuna makadirio ya kihesabu kwamba mpaka nywele zigeukie ndani mtu ameshaambukizwa zaidi ya mara mia maishani. Umewahi kuona kanzu iliyotiwa viraka pale pale kila mwaka, kitambaa kinavuta upande mmoja mpaka pindo linapanda? Ndio kope hilo. Kovu linajikunja, linavuta ukingo wa kope kwa ndani, na nywele zinafuata, zinakwangua kioo cha jicho mpaka mtu anapofuka.

Watu walijaribu kukatisha hii kitu kwa chanjo, na hapo ndipo walipopigwa butwaa. Mdudu alioteshwa kwenye mayai ya kuku huko Beijing miaka ya 1950 na mtafiti Mchina Tang Feifan, jamaa ambaye hakuishia hapo, alijitia bakteria kwenye jicho lake mwenyewe ili athibitishe (mimi hata sabuni ikiingia jichoni napiga kelele). Miaka ya 1960 chanjo zikajaribiwa kwa watoto Gambia, Taiwan na kwingineko. Kinga ilipatikana kidogo, ikafifia ndani ya muda mfupi, halafu kwenye nyani wa majaribio ikaonekana wengine waliochanjwa wakiambukizwa baadaye wanaumwa vibaya kuliko ambao hawakuchanjwa. Ukifundisha kinga vibaya unaipa hasira. Chanjo ya vikope mpaka sasa haipo madukani.

Sasa turudi kwa wale ndugu wawili. Kama tatizo ni jinsi mwili unavyojibu, je, huo mjibizo mtu anazaliwa nao? Gambia walifanya jambo rahisi na la akili: wakatafuta mapacha, jozi 64, kutoka maeneo yenye vikope. Wengine ni mapacha wa kufanana kabisa, wengine wa kawaida. Wakachukua damu, wakazipa seli za kinga kipande cha klamidia wakaangalia zinazaana kwa nguvu kiasi gani. Wale wa kufanana walikaribiana majibu kuliko wale wengine, na hesabu ikatoka kwamba karibu asilimia 40 ya tofauti kati ya watu kwenye mjibizo huo inatokana na vinasaba. Sio kidogo. Ila pia usisahau asilimia 60 iliyobaki, humo kuna maji, nzi, umri, umeambukizwa mara ngapi, na bahati.

Ni jeni gani hasa? Huko huko Gambia, mwaka 1997, walionyesha kwamba wenye makovu wana aina fulani ya herufi ya vinasaba mbele ya jeni ya TNF mara nyingi zaidi, hiyo TNF ni protini ya kuwasha moto wa uvimbe, na walipopima machozi yao wakaikuta nyingi humo. Baadaye zikatajwa nyingine: za HLA, ambazo ni kama vibao ambavyo seli inabandikia vipande vya adui askari wavione, na ile ya kimeng'enya kinachokata nyuzi. Lakini walipokuja kupekua vinasaba vyote kwa pamoja hakikupatikana kigogo kimoja, ni vijeni vingi kila kimoja kinasukuma kidogo. Kwa hiyo akija mtu akakuambia ukoo wenu una jeni ya vikope, mwambie apunguze.

Kazi ninayoipenda kuliko zote imefanyika kwetu kaskazini mwa Tanzania, na watu wa hospitali ya KCMC Moshi wakishirikiana na watafiti wa London. Watoto zaidi ya 600 wa vijiji vitatu, kila miezi mitatu kwa miaka 4, kope linageuzwa, linapigwa picha, usufi unapitishwa. Hebu fikiria kumbembeleza mtoto wa miaka saba mara zote hizo. Wakaona kovu linaongezeka zaidi kwa wale ambao kope lao linavimba mara kwa mara, na maambukizi yenyewe yanaumiza kwa kupitia huo uvimbe. Kwa watu wazima ndio inashangaza zaidi, makovu yanaendelea kukua miaka na miaka huku klamidia haipatikani kabisa kwenye kope, kama moto wa pumba, juu majivu chini unaendelea kula. Ndiyo maana vile vidonge vya azithromycin, dawa ya kuua bakteria, vinavyogawiwa kijiji kizima vinamsaidia sana mtoto, ila kovu la bibi haviligusi.

Na hapo hapo niseme, wanawake wanapofuka kwa vikope mpaka mara nne ya wanaume, na hilo usilitafutie jeni haraka. Nani analala na watoto, nani anawafuta tongotongo?

Gambia yenyewe ilitangazwa na WHO mwaka 2021 kwamba imeshamaliza trakoma kama tatizo la afya ya jamii, Burundi ikafuata 2025, kwa dawa, maji, vyoo, kunawisha watoto uso na upasuaji wa kope. Siri za jeni hazikusubiriwa. Huyo wa Kongwa mwenye kibano yeye kinachomfaa ni huo upasuaji: sindano ya ganzi, kope linakatwa na kugeuzwa nje, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila kuna wanaofanyiwa vizuri kabisa na baada ya mwaka mmoja au miwili nywele zinarudi ndani tena, na kuna ambao hazirudi maisha.

Swali ni lile lile la ndugu wawili, na dawa ya kuzuia kovu lisiendelee bado haijapatikana.