Kombe la Dunia la kriketi halikuanza 1975

Wapenzi wengi wa kriketi huamini kwamba Kombe la Dunia la mchezo huo lilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975, Uingereza. Imani hiyo ina msingi wake. Ndio mwaka walioanza wanaume, na hata huku kwetu tuliwakilishwa: timu ya Afrika Mashariki, mchanganyiko wa wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikwenda na kupoteza mechi zote tatu.

Ila wanawake walishatangulia kwa miaka miwili. Kombe lao lilichezwa Uingereza hiyo hiyo mwaka 1973, timu saba, ova 60 (ova moja ni mitupo sita ya mpira) kila upande. Jamaica ilikuja kivyake, Trinidad na Tobago kivyake, ingawa kwa kawaida kwenye kriketi huungana katika timu moja ya West Indies. Julai 28, uwanjani Edgbaston, wenyeji waliishinda Australia kwa mikimbio (alama za kriketi) 92 na kuchukua kombe.

Rekodi nazo huchanganywa vivyo hivyo. Ukiuliza ni nani wa kwanza kufikisha mikimbio 200 katika mechi ya kimataifa ya siku moja, wengi watakutajia mwanamume, mwaka 2010. Kumbe nahodha wa wanawake wa Australia alipata 229 bila kutolewa dhidi ya Denmark, kwenye Kombe la Dunia la 1997 kule India. Zaidi ya miaka 12 kabla!

Kuhakiki si kazi kubwa. Ukiona orodha ya “rekodi za Kombe la Dunia”, tazama kwanza kama imehesabu wanaume peke yao; nyingi hufanya hivyo bila kusema. Kisha tafuta kadi ya matokeo ya mechi yenyewe, usome tarehe.