Je, wajua kwa nini gari inasaga ukikata kona tu, ukinyoosha inanyamaza?

Gari inatoka Mukono vizuri tu, muziki unaskika, halafu unakata kona na huko chini kwa tairi inaanza krrrrr. Ukinyoosha, kimya. Wengi hapo wanajua stelingi imekufa, wanaenda gereji kusema "inalia nikikata kona" na fundi naye anaanza kufungua kila kitu cha mbele, na bili inaenda inapanda. Stelingi yenyewe mara nyingi haina kosa lolote.

Mara nyingi mambo ni uzito. Ukiwa umenyooka, upande wa kushoto na wa kulia wanagawana mzigo karibu sawa. Ukikata kulia, gari inalalia kushoto, tairi za kushoto zinalemewa na za kulia zinapumzika, ni kama abiria waliosimama kwa basi, kona ya kulia wote wanamwangukia aliyekaa dirisha la kushoto. Kwa hiyo kitu ambacho kilikuwa kimeanza kuchoka kimyakimya, siku ya kulemewa ndio kinapiga kelele.

Sasa kabla hujamwita fundi jiulize swali moja tu: inalia hata kama gari imesimama ukizungusha stelingi, au mpaka itembee? Hilo swali linakata kazi nusu.

Kama ni mpaka itembee, mtuhumiwa wa kwanza kwangu ni beringi ya gurudumu. Inaanza na mngurumo wa chini, unadhani ni tairi mbaya, spidi ikipanda na yenyewe inapanda, halafu kwa kona inakuwa kusaga kabisa. Hapa Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo raundabauti tunaizunguka kwa kukata kulia: ukizunguka ile ya Busega na mngurumo unazidi, shuku beringi ya kushoto kwanza. Ukikata kushoto ndio unazidi, shuku ya kulia. Na za kushoto zinateseka kweli, kwa sababu ukingo wa lami kwetu umeliwa na mvua na kila ukimpisha lori, tairi ya kushoto ndio inaanguka kwa shimo.

Ukitaka uhakika, piga jeki mahali pa sawa, handbreki juu, mawe nyuma ya tairi za nyuma, na weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, kuna kitu kimelegea, inaweza kuwa beringi au bol jointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu. Isipocheza bado usiiachilie: zungusha tairi kwa mkono mmoja na mkono mwingine uguse springi ya shokapu. Beringi nzima huiskii, iliyokufa unaiskia kwa vidole, springi inatetemeka kidogokidogo kama kuna mchanga huko ndani. Hiyo usiizoee, kwa sababu inapata moto, inaanza kuyumbisha gurudumu, na mwisho wake si mzuri kabisa.

Lakini kama sauti si kusaga bali ni ta-ta-ta-ta, hiyo ni sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwa gurudumu hata likiwa limekatwa, ile ya nje, karibu na gurudumu. Nenda uwanja wa wazi, kata stelingi mpaka mwisho, ondoka polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo, halafu jaribu upande wa pili. Kisha chungulia nyuma ya rimu: ukiona grisi nyeusi imerushwa pale ndani, mpira unaofunika sivi umepasuka, grisi imetoka na vumbi la maramu limeingia likachanganyika na maji. Ukiwahi mpira umepasuka lakini hakuna sauti, ni kazi ndogo, inaoshwa, inawekwa grisi ya sivi na mpira mpya. Ikishaanza kupiga ta-ta-ta hakuna grisi itakayoiponya, nunua jointi.

Na kuna ile inawatoa watu jasho bure, kajiwe. Barabara za maramu zinarusha kajiwe kadogo kanakwama kati ya diski ya breki na lile bati jembamba la nyuma yake, kinatoka kilio cha chuma kwa chuma mpaka watu wa steji wote wanageuka kukuangalia. Rudi rivasi huku ukikata huku na huku, mara nyingi kanaanguka, kakikataa vuta bati kidogo na bisibisi. Pale pale angalia na pedi za breki, zikibaki chuma tupu zinakula diski.

Kama inalia imesimama, habari ni nyingine. Mlio kama wa mbwa analia ukifika mwisho wa stelingi, angalia oili ya pawa stelingi kwanza (Vitz nyingi hazina oili hiyo, zinatumia umeme). Ikiwa ni kukwaruza na springi inaruka kwa kishindo, ni beringi ya juu ya shokapu. Mwambie mtu azungushe stelingi wewe umegusa springi, utaiskia.

Wenye pikapu za foo-wili mnatoka kwa matope na lever bado iko kwa foo, mnaingia lami mnakata kona, gari inakakamaa na kulia huko chini. Kwenye kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, na foo imezifunga zizunguke sawa. Itoe tu, hakuna spea ya kununua.

Kisekka, lile soko la spea la Kampala, utapata karibu kila spea, lakini beringi iliyotumika mimi sinunui, huwezi kujua imekula kilomita ngapi. Na fundi akianza kuipiga nyundo iingie, mwambie ssebo (bwana) simama kwanza, ipelekwe kwa mwenye presi, ile mashine ya kusukumia beringi taratibu. Nyundo inaacha vidonda kwa njia ya zile golori na baada ya muda mngurumo uko pale pale, utalipa tena. Ikiwa shokapu ilifunguliwa, pitia alainmenti, kunyoosha tairi, kabla tairi mpya hazijaanza kuliwa upande mmoja.