Bugatti Atlantic: magari manne na yale yanayosemwa juu yake

Mara kwa mara picha ya gari moja jeusi huzunguka kwenye simu za wapenzi wa magari: boneti ndefu, milango inayopanda hadi kwenye paa, na mshono uliosimama katikati ya bodi nzima kama pezi la papa. Maelezo yanayoambatana nayo huwa na ukweli nusu na uzushi nusu. Gari lenyewe ni Bugatti Type 57 Atlantic, kazi ya Jean Bugatti, mtoto wa Ettore aliyeanzisha kiwanda cha Molsheim, katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Type 57 za kila aina zilizotengenezwa ni takriban 710. Atlantic ni nne tu, za kati ya 1936 na 1938, na namba za chesisi zake zinajulikana: 57374, 57453, 57473 na 57591.

Kwa kuwa ni manne, mtu anaweza kulifuatilia kila moja, mmiliki kwa mmiliki. Naona makosa karibu yote yanatokana na kutofanya hivyo: mambo ya gari hili yanabebeshwa lile, na mwisho linabaki gari moja la kufikirika ambalo halikuwahi kutoka kiwandani.

Dhana: Lina ribiti kwa sababu bodi yake ni ya magnesiamu

Hii imeanzia kwenye ukweli. Mwaka 1935 Bugatti ilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Paris gari la majaribio lililoitwa Aérolithe. Bodi yake ilikuwa ya Elektron, aloi ya magnesiamu. Ni nyepesi sana, ila ukijaribu kuichomelea inaweza kushika moto. Mafundi wakakunja kingo za mabati zikasimama, wakazitoboa na kuzifunga kwa ribiti kwa nje, wakiunganisha nusu ya kushoto na nusu ya kulia ya gari. Hapo ndipo mshono ule ulipozaliwa.

Atlantic nne zilizofuata ni za aluminiamu, na aluminiamu inachomeleka. Mshono ungeweza kufutwa kabisa, lakini Jean aliubakiza kwa sababu ulipendeza. Mimi namuunga mkono bila kusita. Ukiutazama kwa karibu unaona unaanzia puani, unapanda juu ya boneti, unapita kati ya vioo viwili vya mbele, unavuka paa na kuteremka hadi mkiani, huku madigadi nayo yakiwa na mishono yake. Ribiti zimefuatana kwa mstari ulionyooka, na fundi yeyote wa bodi anajua ilivyo kazi kuuweka mstari ule juu ya bati lililopinda bila hata ribiti moja kuhama.

Aérolithe yenyewe ilitoweka. Ile ya rangi ya kijani hafifu inayoonekana siku hizi kwenye picha ilijengwa upya Kanada, juu ya chesisi halisi ya Type 57 namba 57104, na bodi yake ni ya magnesiamu kweli. Ni kazi ya kuheshimika, lakini bodi ile haikuwahi kusimama Paris mwaka 1935.

Dhana: Atlantic na Atalante ni jina moja lililokosewa tahajia

Ni bodi mbili tofauti juu ya chesisi za familia moja. Atalante ni kupe (gari la milango miwili lenye paa) ya kawaida zaidi, isiyo na mshono wa ribiti, na ilitengenezwa kwa wingi kuliko Atlantic. Jina la Atlantic Jean alilichagua kumkumbuka rafiki yake Jean Mermoz, rubani aliyepotea na ndege yake juu ya Atlantiki ya Kusini mwezi Desemba 1936.

Mkanganyiko huu ndio uliozaa hadithi kwamba Atlantic iliokotwa gerejini Uingereza. Iliyopatikana kule Newcastle ni Type 57S Atalante, chesisi 57502, ambayo mmiliki wake wa kwanza mwaka 1937 alikuwa Earl Howe, rais wa kwanza wa klabu ya madereva wa mashindano wa Uingereza. Baadaye ilimilikiwa na daktari mmoja, aliyeifungia gerejini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haikutoka hadi alipofariki, na mnada wa Paris wa Februari 2009 ukaiuza kwa zaidi ya euro milioni 3.4 ikiwa na vumbi lake. Hakuna aliyeipiga rangi kwanza ili ipate bei. Walionunua na walioshindwa mnadani wote walikuwa wanaitaka hivyohivyo, kwa sababu haikuwa imeguswa.

Dhana: Zote nne ni 57SC zilizotoka kiwandani na supachaja

Herufi S inahusu chesisi iliyoshushwa. Ekseli ya nyuma inapita katikati ya fremu, na ndiyo siri ya gari kulala chini namna ile. Herufi C ni ya kompresa, yaani supachaja inayosukuma hewa kwenye injini. Injini ya silinda 8 zilizo kwenye mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 3,257, hutoa nguvu-farasi kama 175 bila kompresa na kama 200 ikiwa nayo.

Ile ya kwanza, 57374, na ile ya mwisho, 57591, zilitoka Molsheim bila kompresa. Wamiliki wake ndio waliozifungisha kompresa mwaka 1939. Kwa hiyo anayeandika "57SC ya 1936" anaunganisha gari la mwaka mmoja na vifaa vya mwaka mwingine. Kwa magari haya jambo hilo si dogo, kwani ndivyo mnunuzi anavyojua kama anayemuuzia ameisoma historia au ameinakili tu.

Dhana: Rangi yake halisi ni nyeusi

Jeusi la kwenye picha ni 57591. Lilinunuliwa jipya Mei 1938 na Richard Pope wa Uingereza, likapewa namba EXK 6, na lilikuwa la bluu ya yakuti. Pope alikaa nalo karibu miaka 30. Mwaka 1988 likaingia mikononi mwa mbunifu wa mavazi Ralph Lauren, likakarabatiwa na karakana ya Paul Russell huko Massachusetts, na likatoka jeusi. Mwaka 1990 lilichukua tuzo kuu ya maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, na mwaka 2012 ile ya Villa d'Este, Italia.

Ni gari zuri mno, na lina kila haki ya kuwa jeusi kama mwenyewe anapenda. Kinachonisikitisha ni kwamba tuzo zile zimeifanya bluu ya Pope isahaulike, wakati ndiyo aliyoiagiza kiwandani na ndiyo gari lililoivaa miaka yake ya mwanzo barabarani.

Dhana: Yaliyobaki matatu yana uhalisi sawa

Moja kati ya manne limepotea, na nitalifikia mwishoni. Kwa matatu yaliyobaki, hapa ndipo penye uzito wote. Chesisi 57473 ilikabidhiwa kwa Jacques Holzschuh wa Ufaransa mwaka 1936. Ilipita kwa wamiliki wengine, na mwaka 1955 ikagongwa na treni kwenye makutano ya reli na barabara. Mmiliki wa wakati huo na mwenzake waliokuwa ndani walifariki. Gari lilisagika, likauzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Miaka ya 1960 mpenzi mmoja wa magari aliyanunua mabaki, na katika miaka ya 1970 likajengwa upya. Injini ya awali haikuokolewa. Baadaye lilirudiwa tena, safari hii Marekani, kwa uchunguzi wa picha na vipande vilivyosalia, ili lifanane na lilivyokuwa 1936.

Je, ni Atlantic? Kwangu mimi ni Atlantic, na haina haja ya kuombewa radhi. Chesisi hii haijawahi kukosa mtu wa kuisimulia, na hata ajali yake ni sehemu ya historia yake. Lakini mtu asiiweke mezani pamoja na 57374 akadai ni sawa. Moja imebaki na sehemu zake kubwa tangu siku ya kwanza, nyingine imefufuliwa kutoka kwenye mabaki. Ukarabati bora kuliko wote duniani unarudisha umbo na mlio. Bati lililokuwepo mwaka 1936 haurudishi. Anayeficha tofauti hiyo anamkosea mnunuzi, na anawakosea pia mafundi waliofanya kazi ngumu ya kulijenga upya, maana kazi yao inafutwa na kuitwa "halisi".

Dhana: Siku zote lilikuwa gari la mabilioni

57374 lilinunuliwa jipya na Victor Rothschild wa London mwaka 1936, likiwa na rangi ya kijivu chenye ubluu. Wakati wa vita liliondoka mikononi mwake, kisha likavuka kwenda Marekani. Katika miaka ile Atlantic lilikuwa gari kuukuu tu, lenye spea za shida na fundi wa kulijua wa kutafuta. Mwaka 1971 Peter Williamson, daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na neva, alilipata mnadani kwa dola 59,000, na watu walishangaa kwamba ni ghali. Alilirudisha kwenye hali yake ya mwanzo, na mwaka 2003 likashinda Pebble Beach.

Williamson alifariki 2008. Mwaka 2010 liliuzwa kwa faragha, na bei iliyotajwa na wengi ilikuwa kati ya dola milioni 30 na 40. Likaenda kwenye jumba la makumbusho la Peter Mullin huko Oxnard, California, ambalo lilifungwa mwaka 2024 baada ya Mullin kufariki mwaka uliotangulia.

Dhana: Lile lililopotea limeshapatikana

Halijapatikana. 57453 lilikuwa gari la Jean Bugatti mwenyewe, jeusi, ndiyo maana likaitwa La Voiture Noire. Lilipigwa picha za vipeperushi na kupelekwa kwenye maonyesho ya Nice na Lyon. Jean alikufa tarehe 11 Agosti 1939 akiwa na miaka 30, akijaribu gari la mashindano karibu na Molsheim. Vita ilipofika Alsace, mali za kiwanda zilihamishiwa Bordeaux, na kwenye orodha ya magari ya kusafirishwa ya Februari 1941 kuna moja lenye namba 57454, ambalo wengi wanaamini ndilo. Baada ya hapo hakuna karatasi wala picha. Madai kwamba Wajerumani waliliiba, au kwamba liliunguzwa kwenye treni, yote hayana ushahidi.

Habari za "limepatikana, limeuzwa euro milioni 11" zinahusu gari jipya kabisa ambalo Bugatti ya sasa ililionyesha Geneva mwaka 2019 na kulipa jina lilelile, kabla ya kodi kuongezwa kwenye bei hiyo. Hilo ni gari la silinda 16 lisilo na hata nati moja ya mwaka 1936.

Bugatti yenyewe imekadiria kwamba likijitokeza lile la kweli litazidi euro milioni 100. Atakayekuja na dai hilo hataulizwa rangi wala bodi, kwa sababu bodi za kuigiza zimetengenezwa na wajuzi wanaoweza kukunja mshono ule vizuri kabisa. Wakaguzi watainama kwanza kwenye mkono unaoshikilia injini, pale namba zilipogongwa kwa nyundo, kisha kwenye fremu ya nyuma, halafu kwenye gia boksi na ekseli. Watapima kina cha kila tarakimu na kuulinganisha na mihuri ya kiwanda, na watataka kujua lilikuwa wapi, na kwa nani, kila mwaka tangu Februari 1941.