Blenda imerudi imepasuka, nani alipe?

Juzi usiku dada mmoja anauza vyombo Instagram kama mimi kanitumia voisi ya dakika nne, sauti inatetemeka. Katuma seti ya mabakuli na glasi ya 180,000 Tabora, mteja anasema vimefika vipande anataka hela yake yote, yeye anasema vilitoka vizima, na mteja ameshampandisha kwenye stetasi na neno TAPELI kwa herufi kubwa. Nifanyeje dada? Nikamuuliza, una video ukipaki? Kimya.

Hili swali naulizwa sana kwahiyo leo niandike niwe natuma linki.

Nauza vifaa vya jikoni mwaka wa saba huu, stoo iko Kariakoo, mizigo ya mikoani inapandia mabasi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka pale mpaka jiko la mteja wa Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kuna mlima Kitonga na kona zake, kuna yule jamaa wa kwenye buti anarusha boksi kama mkungu wa ndizi, afu kule mwisho kuna boda kafunga mzigo kwa mpira mmoja. Ikivunjika tuko watatu kwenye hiyo kesi, mimi, basi na mteja, na wengi wetu tunakosea tunapoanza kutafuta nani muongo wakati mzigo wenyewe hatujauangalia.

Mi naanza na boksi. Kona imebonyea na kioo kimepasuka upande uleule, hiyo ni safari, usimsumbue mtu. Boksi safi halina hata mkwaruzo ila ndani kimepasuka, hapo usikimbilie kusema mteja kaangusha, jiulize kwanza kama uliifungua ukaikagua kabla ya kutuma, maana mzigo wa China unakuja nje unang'aa ndani umeshavunjika toka kwenye kontena. Ilishanikuta mara mbili, nilimgombeza mteja kumbe katoni nzima ilikuwa hivohivo, nikaenda kuomba radhi kwa aibu.

Blenda ndo ina mambo mengi. Mteja akikwambia sijaitumia kabisa, geuza jagi, vua ile raba ya chini ya visu. Blenda mpya raba yake ni safi, iliyosaga hata juisi moja ya embe utakuta nyuzi zimejificha pale hata kama imeoshwa na sabuni ya unga. Angalia na kile kigia kinachoshika jagi, meno yakiwa yameliwa ujue imelazimishwa karanga kavu au barafu kwenye mashine ya maji ya matunda. Kuna harufu pia, motor iliyoungua unaisikia kabla hujamaliza kufungua nailoni. Ila na nyie wauzaji msikurupuke, blenda nyingi zina kinga ya joto, ikisaga muda mrefu inajizima yenyewe, mteja anaona imekufa anairudisha na nauli inaenda bure. Kabla sijakubali irudi namwambia dada chomoa kwenye umeme, iache nusu saa ipoe, washa tena. Nyingi zinaamka.

Sasa nikwambie kilichonifundisha kuandika namba. Mteja mmoja wa Mbeya, mama mstaarabu kabisa kwenye simu, alichukua blenda ya 95,000, siku ya tano akasema imeungua. Nikamwambia ipandishe basi mama, akanitumia picha ya risiti na mimi hapohapo nikamrudishia hela yote, najiona muuzaji bora Tanzania nzima. Boksi lilipofika, jagi langu, mfuniko wangu, kitako sio changu. Aina ileile, rangi ileile, ila kimechakaa na kwenye matundu ya hewa kuna mende mkavu, na blenda yangu ilikaa kwake siku tano tu. Nikapiga simu, akanijibu kwa upole kabisa, mwanangu labda umechanganya na za wateja wengine. Ningebisha na nini? Zile namba ndefu za kwenye stika ya chini sikuwa nimeziandika popote.

Toka siku hiyo hela hairudi mpaka mzigo uwe mkononi na umefunguliwa mbele ya kamera. Najibu siku hiyohiyo lakini, mteja asipokusikia masaa kumi na mbili anakuwa ameshakuhukumu.

Kuhusu kile kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi", mi nilikibandua. Mteja aliyekuona kwenye simu hajawahi kukisoma, na chombo kibovu kinabaki kibovu hata uandike ukutani nini. Wenzangu wengine wanashikilia sheria, na ni kweli Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida inahesabu ukishamkabidhi msafirishaji ni kama umemkabidhi mnunuzi, ila inakutaka na wewe uwe umepanga usafiri unaoendana na mzigo wenyewe, sasa glasi umezitumbukiza kwenye sandarusi utamwambia nini mtu? Na hata ukiwa na haki, ukimtumia mteja kifungu cha sheria WhatsApp kesho kiko kwenye magrupu yote ya kina mama wa Tabora. Mimi ikionekana ni safari natuma kingine, nauli tunagawana, na basi sidai kwa sababu risiti zao nilizonazo zimeandika kwa maandishi madogo kwamba vya kuvunjika ni juu ya mwenye mzigo. Namwambia tu karani aandike KIOO na thamani, angalau boksi linakaa juu.

Kupaki ndo kazi yenyewe. Sahani zisilale, zisimame kwa ubavu kama vitabu kwenye kabati, glasi zisimame na kila moja iwe na chumba chake, nafasi zote jaza gazeti, ukimaliza tikisa boksi, ukisikia sauti yoyote fungua uanze upya. Kijana anarekodi kuanzia chombo kikiwa mezani, stika ya chini isomeke, mpaka gundi ya mwisho bila kukata video. Mteja naye kabla hajalipa namtumia ujumbe kwamba akipokea arekodi akifungua, boksi likiwa bado limefungwa, na ana masaa 24 ya kuniambia.

Kuna na wale wanaopokea mzigo afu wanapigia mtandao wa simu kwamba walikosea namba, muamala urudishwe. Tunza chati ya oda na risiti ya basi, ndo utetezi wako.

Dada wa mabakuli nilimwambia aombe picha za boksi kwa nje, pande zote. Zimekuja, kona mbili zimekaa kama chapati. Dada analipa nusu, na ile stetasi imeshafutwa.

Kile kitako cha Mbeya bado ninacho, kiko kwenye rafu juu ya meza ya kupakia. Kijana mpya akianza kazi nampa akishike, akigeuze, namuuliza hiki ni chetu? Wote wanasema ndiyo.